Mafuta ya moteri yabaki kwa moteri

Mtu akitoka Kamituga ao Misisi na kufika Bukavu, hakosi kitu mkononi. Kama wiki ilikuwa nzuri, analeta bidoni ya mawese, nyama, nguo ya mtoto. Kama wiki ilikuwa mbaya, analeta hata kisu kipya cha mhunzi ao ubao wa kukatia, ile tunaita planshi, aliochongewa na fundi karibu na shimo. Siku moja kwetu uliletwa ubao wa namna hiyo. Ulikuwa wa mti mgumu, mweusi, unang'aa kama kiatu cha siku ya arusi. Kila mtu aliusifu. Nyanya peke yake aliuinua mpaka puani, akanusa, akaurudisha chini. Akasema: «Huu unanuka gari. Hamutakatia nyama juu yake.»

Tulicheka. Kisha tukamuuliza ndugu yetu aliyeuleta. Akatueleza bila haya kwamba fundi aliupaka vidanje, yaani mafuta meusi inayomwangwa kutoka moteri ya konkaseri, juu ubao usipasuke na wadudu wasiuingie. «Ku shimo wote tunafanya vile,» akasema. «Mupini ya nyundo, mupini ya kisu, mbao ya ngazi, yote tunapaka.» Hakusema uongo. Lakini hakuna mtu anakula juu ya mpini wa nyundo. Ubao wa kukatia ni sahani ya kwanza ya nyumba: kitunguu, nyanya, lenga-lenga, nyama, vyote vinapita pale mbele ya kufika ku sufuria.

Tunaandika haya juu tulipouliza majirani, tulikuta nyumba yetu haiko peke yake. Sisi familia za wachimbaji tunaishi karibu na mafuta ya mashini kuliko watu wengine wa mji. Motopompu inayovuta maji ndani ya shimo, konkaseri inayosaga mawe, gurupu inayotoa umeme, pikipiki inayotupeleka na kuturudisha: zote zinamwaga mafuta, na mafuta yale hayauzwi. Yako bure, yako karibu, yanang'arisha. Mafuta mazuri yanaomba pesa. Hapo ndipo mtego ulipo. Neno letu leo ni moja: mafuta ya moteri yabaki kwa moteri. Kwa kisu na ubao tutafute mafuta ya mtu. Na kama hatuna, heri ubao ubaki mkavu.

Kwanza tukubaliane kwamba fundi hana kosa anaposema mti unahitaji mafuta. Mti, hata ukikatwa na kukauka, unaendelea kunywa. Ukiuosha unakunywa maji na kuvimba. Ukiuanika unatoa maji na kusinyaa. Siku kwa siku, kuvimba na kusinyaa kunaleta nyufa. Ndani ya nyufa kunaingia damu ya nyama, maji ya samaki na uchafu, na pale sabuni haifiki mzuri. Mafuta yanajaza nafasi ile, maji yanakosa pa kuingia. Ni hivyo kwa ubao, ni hivyo kwa mwiko wa bugali, ni hivyo kwa kinu cha sombe. Lakini angalia maana yake: kama mti unakunywa kile tunachoupa, basi kile tunachoupa kinabaki ndani. Kisu kikipita juu, kinakwaruza, na kidogo kinatoka pamoja na chakula. Leo kidogo, kesho kidogo, miaka yote ya ubao ule.

Sasa vidanje iko na nini ndani? Mafuta ya moteri yakiwa mapya, tayari yamechanganywa na dawa za kiwanda za kulinda chuma, dawa ambazo hazikutengenezwa kwa tumbo la mtu. Yakishafanya kazi ndani ya moteri, yanaongezeka masizi ya moto, mabaki ya mazutu ao esansi, na unga mdogo wa chuma unaotoka kwa vyuma vinavyosuguana. Ndiyo maana yanaingia yakiwa rangi ya asali na yanatoka yakiwa meusi. Kituo cha Lyon, huko Ufaransa, kinachochunguza mambo ya kansere chini ya OMS, kimeweka mafuta ya petroli ambayo hayakusafishwa ao yamesafishwa kidogo tu kati ya vitu vinavyoleta kansere kwa mtu. Madini kama risasi ao kadimiamu, mwili unayatunza, hauyatoi upesi, na mtoto anaumia nayo kuliko mkubwa. Vidanje haiui mtu siku ileile. Ingekuwa inaua siku ileile, wote tungekwisha kuiacha.

Kuna mji mmoja wa Afrika uliofundishwa jambo hili kwa machozi. Mwaka 1959, huko Meknès, inchi ya Moroko, wafanyabiashara walinunua mafuta ya moteri za ndege yaliyobaki ku kambi ya jeshi la Marekani. Wakayachanganya na mafuta ya kula, wakauza sokoni kwa bei ndogo. Bamama walikaangia watoto wao kama kila siku. Watu karibu 10.000 wakapooza miguu na mikono, juu ndani ya mafuta yale mulikuwa dawa ya kiwanda inayoharibu mishipa ya fahamu. Sisi hatusemi kwamba ubao uliopakwa vidanje utakupoozesha. Wale walikula mafuta yenyewe, na yalikuwa mafuta ya namna ingine. Tunasema tu kwamba mafuta ya mashini yakiingia jikoni, jicho halitoshi kuyatambua, na bei ndogo ndiyo inayoyafungulia mlango.

Basi tutumie nini? Ya kwanza ni ile dawa ya farmasi wanaita huile de paraffine. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Dokta anaiandikia mtu aliyefunga choo. Haiozi, haigeuki chungu, inakaa ndani ya mti bila kunuka. Mtu atauliza: nayo si inatoka ku petroli sawa vile ya moteri? Ndiyo, inatoka kule. Lakini nani anajua jambo hili kuliko mchimbaji? Jiwe la Kamituga na pete ya arusi vinatoka shimo moja. Katikati kuna kutwanga, kuosha, kuyeyusha, kusafisha. Hakuna bibi arusi anayevaa jiwe. Parafini ya farmasi imesafishwa mpaka mtu anaweza kuimeza kwa kipimo cha dokta. Vidanje ni mafuta yaliyokwisha kuchafuliwa tena. Asili moja, njia mbili.

Lakini jina hilo lina hatari yake, na tunaomba kila mtu asome mstari huu mara mbili. Ndugu zetu waliokaa Kenya ao Uganda, wakisema «parafini», wanasema mafuta ya taa, ile sisi tunaita petroli ya taa. Ile ni sumu. Mtoto akiimeza inaweza kuingia ku mapafu na kumuua. Ukimutuma mtoto, usimwambie tu «lete parafini». Mwandikie ku karatasi, ao kwenda wewe mwenyewe, ku farmasi, si ku duka la makala na taa. Na hata ile ya farmasi, weka juu, mbali na watoto: dawa ya mkubwa si kinywaji cha mtoto. Vilevile mafuta ya kupaka mtoto mwilini, yenye harufu ya maua, si ya ubao. Yaliwekwa manukato kwa ngozi, hayakuwekwa kwa chakula.

Ya pili ni nta ya nyuki. Kuna watu wanaofuga nyuki huku kwetu milimani, na wengi wakikamua asali wanatupa nta ao wanaiuza kwa makuta kidogo. Chukua fungu moja la nta na mafungu manne ya parafini ya farmasi, kwa kupima uzito. Weka ndani ya mukebe safi, mukebe uuweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto, koroga mpaka nta iyeyuke. Usiweke mukebe juu ya moto wenyewe, juu nta inashika moto kama mafuta. Ikipoa inakuwa laini kama pomadi. Mukebe mdogo unaweza kutosha nyumba kwa miezi mingi, kwa ubao, kwa mwiko na kwa mpini wa kisu.

Na mawese je? Hapa tutapata maneno, juu hakuna nyumba ya Kivu bila mawese. Babu zetu walipaka mawese ku kinu na ku mwiko, na hawakufa nayo. Ni kweli. Mawese ni chakula, si sumu. Lakini mawese haikauki. Inabaki ndani ya mti, inashika vumbi, inanata, inapaka kila kitu rangi nyekundu, na kisha muda inageuka chungu na kunuka. Mafuta ya karanga, ya soya na ya alizeti yanapita njia hiyohiyo, mengine upesi, mengine polepole. Na mtu ambaye mwili wake haupatani na karanga, usimukatie chakula juu ya ubao uliopakwa mafuta ya karanga. Kama mawese ndiyo peke yake uko nayo, paka kidogo sana, pangusa mpaka mkono usiteleze, na osha ubao kila siku. Kati ya mawese inayonuka kidogo na vidanje isiyonuka, chagua mawese bila kufikiri.

Ya mwisho ni mafuta ya lini, ile huile de lin ya mafundi. Mafuta ya lini yakiwa safi, ya kula, ni mazuri kwa mti, juu yenyewe yanakauka na kuwa magumu ndani yake, hata kama yanachukua siku nyingi. Lakini bidoni inayouzwa kule wanauza rangi na misumari mara nyingi iko na dawa za madini zilizotiwa ili yakauke upesi. Ile ni ya milango na madirisha. Na kitambaa kilicholowa mafuta ya lini, kikikunjwa na kutupwa ku kona, kinaweza kupata joto na kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Fundi anayetumia lini atandaze kitambaa chake nje kikauke, asikirundike ndani ya nyumba ya mbao. Huku Bukavu, ku Kadutu ao ku Essence, nyumba moja ikiwaka majirani wote wanalala nje.

Tugeukie kisu. Visu vingi vya wahunzi wetu vinatoka ku resori ya gari. Ni chuma kizuri, kinashika makali, lakini kinashika kutu pia. Ndiyo maana mhunzi anakupa kisu chenye mafuta, na mara nyingi mafuta yale ni ya moteri. Kisu kipya kabla hakijaingia jikoni, kioshe na maji ya moto na sabuni, mara mbili ao tatu, mpaka kitambaa cheupe kikipita juu kibaki cheupe. Kisha kila siku dawa ya kutu ni moja tu: osha, pangusa, kausha palepale. Usikiache ndani ya beseni na maji usiku kucha. Kama hakitatumika siku kadhaa, tone moja la parafini ya farmasi ku kitambaa linatosha upanga wote. Mpini wa mti nao upake sawa vile ubao. Panga ya shamba ao ya shimo ni hadithi ingine. Ile inaweza kuwa na mafuta yake, lakini basi isiingie jikoni kukata nyama siku ya sikukuu.

Kwa ubao mpya kazi si nyingi. Uoshe, usimamishe penye upepo mpaka ukauke kabisa, juu mafuta hayaingii ndani ya mti wenye maji. Pasha parafini kidogo kwa kuweka chupa ndani ya maji ya moto. Paka pande zote, na mipaka ya ubao usiisahau, pale mti unakunywa zaidi. Uache usiku kucha, asubuhi pangusa yaliyobaki. Fanya vile siku tatu ao nne, kisha mara moja kwa mwezi. Ukitaka kujua kama saa imefika, dondosha tone la maji juu. Likisimama kama jicho la samaki, ubao uko na mafuta. Likizama, ubao uko na kiu. Na tusisahau: mafuta hayaui vijidudu. Sabuni na maji ya moto kila kisha kazi, na upande mmoja wa nyama, upande mwingine wa mboga.

Kuna jambo lingine ambalo mafuta yoyote hayawezi kuponya, nalo ni merkire, ile wengine wanaita zebaki. Ubao ao karai iliyokwisha kugusa merkire ku kazi ya dhahabu, isirudi jikoni tena. Haioshwi ikatakata, haikwanguliwi ikatakata. Kisu kilichokoroga mchanga wa dhahabu kibaki kule. Sufuria iliyochomea dhahabu isipikiwe maharagi, hata kama inaonekana safi, juu moshi wa merkire hauonekani na hauna harufu. Mama mwenye mimba anaupokea kwa watu wawili. Tunawaomba bamama wanaotwanga mawe, wale wanaitwa mama twangaise, watenge kabisa vyombo vya kazi na vyombo vya nyumba, hata kama ni kwa kufunga kamba nyekundu ku mpini.

Na hapo tunafika ku bidoni. Bidoni ni mali, hakuna anayeitupa. Leo imebeba mafuta ya moteri, kesho imeoshwa na mchanga na sabuni, kesho kutwa imebeba mawese inayopanda gari kwenda mjini. Plastiki nayo inakunywa, sawa vile mti. Ukinunua mawese, nusa mdomo wa bidoni mbele ya kulipa. Hata mtoto anaweza kufundishwa kunusa, na nyanya zetu hawakungoja mtu awafundishe.

Tunajua watatuambia: «Nyie munasema mambo ya matajiri. Mtu anatafuta bugali, nyinyi munamwambia anunue dawa ya ubao.» Tumelisikia neno hilo hata mezani kwetu. Jibu letu ni hili: hatumwambii mtu anunue. Chupa moja ndogo ya parafini majirani wanne wanaweza kuchangia, na itawafikisha mbali. Lakini asiye na pesa asipake kitu. Ubao mkavu, uliooshwa na kuanikwa, utapasuka mapema kidogo, basi. Hautamdhuru mtu. Kutopaka hakuna gharama. Gharama iko kwa kupaka vibaya, nayo inalipwa na mtoto ambaye hakuulizwa.

Lakini mzigo huu usiwekwe juu ya mama wa nyumba peke yake. Ma-PDG wa mashimo na makoperative, ninyi ndio munanunua mafuta ya konkaseri. Wekeni pipa moja la vidanje lenye alama, na mutu asichote kwa kupeleka nyumbani. Mafundi mbao, munapouza ubao, semeni mumeupaka nini. Na ule munaotaka kupaka vidanje, uzeni kama ubao wa ngazi, si wa jikoni. Wauzaji wa soko, musing'arishe vitu vya chakula na mafuta meusi ili kuvuta macho. Na sisi wanunuzi tuache kuchagua kwa macho peke yake. Ubao mzuri unafanana na mti. Ukifanana na kiatu, uliza.

Ule ubao wetu haukutupwa, wala hatukuuchoma, juu moshi wake ungekuwa mbaya kuliko harufu yake. Ndugu yetu mwenyewe aliupeleka nje, akauweka ku njia ya choo, pale pana matope wakati wa mvua. Tunaukanyaga kila siku, na kweli haujapasuka. Safari iliyofuata alileta mwingine, mweupe, haujapakwa kitu. Nyanya aliuinua mpaka puani, akanusa, akaomba kitunguu.